Faharasa mbadala katika VSAM: pale RECORDSIZE inapokuumbua

Ndugu zangu, habari za mchana. Wengi wenu mmezoea hifadhidata ambazo faharasa unaiomba kwa mstari mmoja, na ukubwa wake mfumo unajua wenyewe. Faili za VSAM, mfumo wa IBM wa kuhifadhi na kusoma faili kwenye meinifremu zake tangu miaka ya 1970, hazina mapenzi ya namna hiyo. Kila kigezo unakitaja wewe kupitia IDCAMS, programu ya kuunda na kusimamia faili hizo. Usipokitaja, IDCAMS hukiweka kwa thamani yake, na hapo ndipo matatizo huanzia.

Tuchukue faili ya wateja. Rekodi ina baiti 300, na ufunguo mkuu ni namba ya akaunti, tarakimu 10, mwanzoni kabisa. Mteja akija hakumbuki akaunti ila anajua namba ya simu, bila faharasa ya pili itabidi faili nzima isomwe. Kwa hiyo tunatoa amri ya DEFINE ALTERNATEINDEX na kuifunga kwenye faili mama kwa RELATE.

KEYS, inayotaja urefu wa ufunguo na mahali unapoanzia, haina makuu. Simu ina herufi 12 na inaanzia baiti ya 41, basi andika KEYS(12 40), maana VSAM huanza kuhesabu na sifuri. Ukiandika 41 hakuna atakayekugombeza. Faharasa itajengwa, ila kila ufunguo utakuwa umepoteza tarakimu ya kwanza.

Kazi iko kwenye RECORDSIZE, yaani urefu wa wastani na wa juu kabisa wa rekodi ya faharasa. Simu moja hutumiwa na akaunti kadhaa: ya mama, ya mtoto, ya kikundi ambacho yeye ni mweka hazina. Kwa hiyo tunabaki na NONUNIQUEKEY, inayoruhusu ufunguo mmoja kuwa na akaunti nyingi, ambayo ndiyo huwekwa usipochagua. Sasa tazameni ndani ya rekodi ya faharasa. Baiti 5 za mwanzo zinaeleza aina ya vielekezi (hapa ni namba za akaunti), urefu wa kila kimoja, idadi yao na urefu wa ufunguo. Inafuata simu, baiti 12, halafu namba za akaunti zimepangana, baiti 10 kila moja. Akaunti mbili ni baiti 37. Akaunti 50 ni baiti 517. Unaandika RECORDSIZE(37 517).

Ukinyamaza, IDCAMS inaweka 4086 na 32600. Watu huridhika, wakidhani kikubwa ndicho salama. Lakini ukiomba nafasi kwa idadi ya rekodi, wastani wa 4086 badala ya 37 unakuchukulia diski zaidi ya mara mia ya unayohitaji.

Na ule upeo mkubwa nao hautoshi! Wako wateja wasio na simu, na sehemu yao imejazwa nafasi tupu. Kwa VSAM, nafasi tupu 12 ni ufunguo kama ufunguo mwingine. Tuseme wateja hao ni 8,000: wote wanaingia rekodi moja inayohitaji baiti 80,017. Ndani ya 32600 wanaenea 3,258 tu. BLDINDEX, amri inayoijenga faharasa, itawaacha 4,742 nje na kutoa ujumbe kwamba vielekezi vimezidi, ujumbe ambao saa nane usiku hausomwi na mtu. Kisha asubuhi karani anasajili mteja mwingine asiye na simu, uandishi unakataliwa, na yeye haelewi kwa nini ni huyu tu. VSAM haina kigezo cha kuruka funguo tupu, ingawa IMS, hifadhidata nyingine ya IBM, inacho. Mimi hupendelea kujaza XX na kufuatisha namba ya akaunti: herufi 12 kamili, na kila mteja ana wake.

Na ile 50 msiikisie. Pitisheni faili kwenye ICETOOL, chombo cha kupanga na kuhesabu rekodi, kwa OCCUR, mwone kila simu imetokea mara ngapi. Mara nyingi inayoongoza ni ya wakala aliyesajili watu wake wote kwa namba yake mwenyewe. Huyo ndiye anayeamua upeo, si fomula.

UPGRADE, inayosasisha faharasa kila faili mama inapobadilika, iacheni ilivyo. Ndiyo, ina gharama: faili yenye faharasa tatu, kuongeza mteja mmoja ni maandiko manne. NOUPGRADE naikubali kwa faharasa ya ripoti inayojengwa upya kila usiku. Kwa ile inayowahudumia wateja dirishani, hapana.

Programu, kumbukeni, hufungua PATH, njia inayounganisha faharasa na faili mama; ukifungua faharasa yenyewe utasomewa hivyo vichwa na vielekezi. Kwenye COBOL mnaweka ALTERNATE RECORD KEY pamoja na WITH DUPLICATES, na JCL, maagizo ya kuendeshea programu, inataka DD ya pili, yaani mstari wa kutaja faili: kama ya kwanza ni WATEJA, hii ni WATEJA1. FILE STATUS ikirudisha 02 wakati wa kusoma si kosa. Ina maana yuko mwingine mwenye simu hiyohiyo, endelea na READ NEXT. Na msitegemee mpangilio. BLDINDEX huzipanga akaunti kutoka ndogo kwenda kubwa, lakini zinazoongezwa baadaye hubandikwa mkiani. Skrini ikihitaji orodha iliyopangwa, programu ndiyo ipange.