Pembe Zake Zimeelekea Wapi?

Assalaam alaikum. Shikamooni wazee wangu. Habari za jioni mama zangu na ndugu zangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa huku mbele, hamjambo. Nawashukuru kwa kuja kwenu, na nawashukuru zaidi wavuvi wa dagaa, maana hizi ni siku za giza na najua mnatakiwa baharini. Sitawachelewesha.

Jambo lililonileta lilianzia pale soko la samaki, hapa hapa Bagamoyo, kwenye benchi la kahawa. Kijana mmoja alitoa simu akatuonyesha picha. Kwa mbele chombo cheupe, nyuma yake Mwezi, na pembeni kiduara kidogo cha buluu, ndiyo Dunia hiyo. Simu ikapita mkono kwa mkono. Mzee mmoja, nahodha wa miaka mingi, akaisogeza karibu na macho, akaitazama kimya, kisha akaniuliza: "Mwalimu, nyota zimekwenda wapi?" Mwenziwe akadakia: "Na hii Dunia imekuwaje ndogo kuliko Mwezi?" Wa tatu hakuuliza kitu. Alisema tu, "Imetengenezwa kwenye kompyuta hiyo," akarudi kwenye kahawa yake.

Maswali mawili ya kwanza yalinifurahisha sana, na ndiyo sababu sikuyajibu papo hapo. Nilitaka kuyajibu sawasawa. Neno la tatu liliniuma, kwa kuwa lilifunga mazungumzo kabla hayajaanza.

Ndugu zangu, sisi watu wa pwani tumezoea kuhoji ushahidi wa Mwezi. Shaabani ikiisha, mtu akija mbio kusema ameuona mwezi, hapokelewi hivi hivi. Huulizwa: umeuona wapi? Ilikuwa kabla ya jua kuzama au baada? Ulikuwa juu ya nini? Pembe zake zimeelekea wapi? Swali hilo la pembe lina elimu ndani yake. Sehemu ya Mwezi inayong'aa huwa upande wa jua, kwa hiyo pembe lazima zilipe jua kisogo. Anayesema pembe zilitazama kule jua lilikozama, huyo hakuuona. Lakini hakuna mzee anayemwambia shahidi "mwongo wewe" kabla ya kumuuliza. Na picha ya yule kijana naomba tuihoji vivyo hivyo.

Kwanza tuijue safari yenyewe. Chombo kinaitwa Orion, na safari iliitwa Artemis I, ya shirika la anga la Marekani, NASA. Walijaribu kukirusha mara mbili wakaahirisha, mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba 2022, na mara ya pili ilikuwa kwa sababu haidrojeni, mafuta ya roketi, ilikuwa inavuja. Kiliondoka Florida tarehe 16 Novemba 2022, saa 3:47 asubuhi kwa saa zetu. Kilikaa safarini siku 25 na nusu. Hakikubeba mtu. Kwenye kiti cha kiongozi walikalisha sanamu lililovalishwa suti ya mwanaanga, na kando yake wakafunga viwiliwili viwili, Helga na Zohar, vya kupimia mionzi ambayo mwili wa mtu ungeipata huko.

Hapa mafundi wa majahazi watanielewa kuliko mtu yeyote. Chombo kipya kikishatiwa kalafati, hamkipakii mzigo siku hiyo hiyo. Mnakishusha majini, mbao zinakunywa maji na kuvimba, mnaangalia kinavuja wapi. Artemis I ilikuwa ndiyo kushusha majini. Na hilo linaeleza pia kwa nini kwenye picha nyingi Orion mwenyewe yuko mbele. Kina mabawa manne ya sola, na kwenye ncha ya kila bawa pamefungwa kamera. Kazi kubwa ya kamera hizo ilikuwa kukikagua chombo, kuona kama kuna mahali pamegongwa au pamechubuka. Mwezi na Dunia vilipita nyuma yake, vikaingia pichani.

Sasa nyota. Alhamisi iliyopita nilimwomba yule nahodha twende pwani usiku. Wengi wenu sasa mnatumia taa za betri, yeye bado ana karabai yake ya zamani. Akaipampu, ikakoroma, ikawaka nyeupe hadi nikaona misumari kwenye ubavu wa ngalawa. Tukaiweka ukingoni. Mbingu ilikuwa safi. Tukisimama mbali na taa, Kilimia tulikiona nyota moja moja. Nikapiga picha ya karabai kwa simu. Ikatoka vizuri, taa, ukingo, hata kamba iliyokunjwa. Juu yake, weusi mtupu. Hakuna nyota hata moja.

Nikampa nahodha simu aangalie. Akaangalia picha, akainua uso mbinguni, akaangalia picha tena.

Kisha tukafanya kinyume. Tukaiegemeza simu kwenye mtumbwi ikitazama juu, tukaiweka kwenye hali ya usiku, tukaiacha bila kuigusa kwa sekunde chache. Nyota zikatoka, nyingi kuliko nilivyotarajia. Ila kwenye pembe ya picha, pale karabai ilipoingia kidogo, palikuwa na doa jeupe lililomeza kila kitu. Jicho la kamera likifumbuliwa muda mrefu ili lishike mwanga hafifu wa nyota, kinachong'aa karibu huungua. Likifumbuliwa muda mfupi ili kinachong'aa kionekane, nyota hazipati nafasi. Na chombo cheupe kinachopigwa na jua bila wingu wala hewa ya kulipunguza makali kinang'aa kuipita karabai mara nyingi mno. Nahodha akasema, "Basi Mwezi ndiyo karabai." Ndivyo hasa. Kama picha ile ingekuwa na Mwezi mng'avu uliotoka vizuri pamoja na nyota tele kwa mpigo mmoja, mimi ningeitilia shaka kwanza.

La pili ni ukubwa, na hapa wanafunzi toeni kalamu. Tarehe 28 Novemba 2022 Orion ilifika mbali kuliko kote ilikokwenda, kilometa 432,210 kutoka duniani. Hakuna chombo kilichoundwa kubeba watu na kuwarudisha duniani kilichowahi kufika umbali huo kabla yake. Siku hiyo Mwezi ulikuwa umbali wa kilometa 69,000 hivi kutoka kwake. Sasa, upana wa Dunia ni kilometa 12,742, wa Mwezi ni 3,474. Ukitaka kujua kitu kinaonekana kikubwa kiasi gani, gawanya upana wake kwa umbali wake. Mwezi: 3,474 gawanya kwa 69,000, unapata 0.05. Dunia: 12,742 gawanya kwa 432,210, unapata 0.029 na ziada. Kwa hiyo kutoka pale Mwezi lazima uonekane mpana kuliko Dunia, karibu mara moja na robo tatu. Chukua limau uliweke karibu na jicho, halafu tazama nazi iliyo mlangoni kule. Limau linaifunika nazi yote. Chukueni picha ya siku hiyo na rula mpime wenyewe. Hiyo ndiyo pembe ya kumuuliza shahidi.

Rangi nitaipitia haraka. Mwezi ni wa kijivu kweli, na baadhi ya picha za karibu zilipigwa na kamera ya kuongozea chombo, ambayo haipigi rangi.

Lakini yule mzee wa tatu hakuwa mjinga, na sipendi mtu amdharau. Picha za uongo zipo. Ipo pia michoro ambayo mashirika ya anga yenyewe huichora kabla ya safari, ili kuonyesha itakavyokuwa, kisha watu wanaisambaza kana kwamba ni picha iliyopigwa. Mtu akishadanganywa mara mbili kwa namna hiyo, ana haki ya kusita. Ninachomwomba ni asiishie hapo. Aulize ni nani mwingine aliyeona.

Nitawapa mfano ninaoupenda kuliko yote. Tarehe 3 Februari 1966 chombo cha Urusi ya Kisovieti, Luna 9, kilitua polepole juu ya Mwezi, cha kwanza kufanya hivyo, nacho hakikuwa na mtu. Kikaanza kutuma picha kwa mawimbi ya redio. Huko Uingereza, kwenye darubini ya redio ya Jodrell Bank, watu walikuwa wanasikiliza. Wakatambua kwamba mlio ule unafanana na mlio wa mashine ambazo magazeti yalitumia kutumiana picha. Wakaazima mashine kama hiyo kutoka gazeti la Daily Express, wakaunganisha, na karatasi ikatoka na mawe ya Mwezi. Gazeti likaichapa kabla Moscow haijatoa picha zake. Na nyakati zile Urusi na nchi za Magharibi walikuwa mahasimu. Yaani hasimu wako ndiye aliyekutolea ushahidi. Mawimbi ya redio hayana mlango wa kufunga. Mwenye antena ya kutosha na akajua aelekeze wapi, anasikia.

Na bahari hii yetu nayo imo katika habari hizi. Septemba 1968 chombo kingine cha Kisovieti, Zond 5, kiliuzunguka Mwezi kikiwa na kobe ndani, kikarudi kikaangukia Bahari ya Hindi.

Orion iliangukia Pasifiki, nje ya pwani ya Meksiko, tarehe 11 Desemba 2022, saa 2:40 usiku kwetu. Iliingia hewani kwa mwendo wa takriban kilometa 40,000 kwa saa. Walipoigeuza kutazama ngao yake ya joto, walikuta vipande vimemeguka mahali zaidi ya 100, kinyume na walivyotarajia. Baadaye wakaeleza sababu: gesi iliyojitengeneza ndani ya ngao kwa joto haikupata pa kutokea, ikaipasua kutoka ndani. Safari ya watu iliyokuwa ifuate ikacheleweshwa. Picha za mashimo hayo zilitolewa hadharani mwaka 2024, na mimi huzitazama zaidi kuliko zile nzuri za Dunia. Ni za fundi aliyepiga magoti chini ya mkuku, anaonyesha kwa kidole maji yalipopenya.

Wazee wangu, maswali mengine tutayamalizia nje. Nahodha ameshatangulia pwani na karabai yake, na maji yanakupwa. Njooni na simu zenu. Atakayepata karabai na Kilimia, vyote viwili vimetoka vizuri kwa mpigo mmoja, aniite nije nione.