Mikono ya Autun

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimekuja na picha tatu tu, zote za kanisa kuu la Mtakatifu Lazaro mjini Autun, Ufaransa, lililoanza kujengwa miaka ya 1120 hivi. Naomba mtazame mikono.

Picha ya kwanza ni kichwa cha nguzo. Mamajusi watatu wamelala kitanda kimoja, shuka moja, taji zingali vichwani. Sisi tuliolala watatu kitanda kimoja utotoni tunakijua kitanda hiki. Mathayo anasema tu kwamba walionywa ndotoni wasimrudie Herode. Sasa fundi afanyeje? Ndoto haishikiki, na yeye ana jiwe na patasi. Amemweka malaika kando ya kitanda, mkono mmoja ukionyesha nyota. Wa pili, tazameni hapa, unamgusa mfalme mmoja mkononi kwa ncha ya kidole. Basi. Huyo aliyeguswa ameshafumbua macho. Wenzake wangali usingizini. Ndivyo mama anavyomwamsha mtoto wa safari ya alfajiri, asiwashtue wengine. Nimeitazama sanamu hii miaka mingi, na bado kidole kile kinanisisimua.

Ya pili ni Hawa. Jiwe lilikuwa refu na jembamba, la juu ya mlango, kwa hiyo mchongaji amemlaza, kama anayeogelea kati ya majani. Mkono mmoja uko shavuni, kama anayenong'ona. Mwingine umerudi nyuma kuchuma tunda, naye halitazami kabisa! Mkono unatenda, macho yako kwingine. Jiwe hili lilionekana mwaka 1856 nyumba moja ilipobomolewa. Lilikuwa limejengewa ukutani kama tofali. Adamu wake amepotea.

Ya tatu ni Hukumu ya Mwisho, juu ya mlango mkuu. Kristo yuko katikati, mkubwa kuliko wote, viganja wazi. Chini yake wafu wanafufuka, na kati ya waliohukumiwa yupo mtu aliyebanwa kichwa na mikono miwili mikubwa mno. Mwenye mikono haonekani. Shetani wenye meno wamejaa hapo juu, lakini hakuna anayetisha kama mikono hiyo isiyo na mwili.

Chini ya miguu ya Kristo pameandikwa kwa Kilatini: Gislebertus alifanya hivi. Wengi humwita ndiye mchongaji. Wapo wataalamu wanaodhani ni jina la aliyegharamia. Mimi naegemea kwa mchongaji, kwa sababu ya mahali penyewe: ameliweka jina lake miguuni pa Hakimu.

Mwaka 1766 mapadre wa kanisa hilo waliiona kazi hii kuwa ya kishamba, wakaifunika kwa lipu. Kichwa cha Kristo kilitokeza mno, wakakivunja. Lipu hiyo hiyo ndiyo iliyozificha sanamu wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, makanisa yalipovunjwavunjwa. Ilibanduliwa mwaka 1837, Kristo akaonekana tena bila kichwa. Kichwa kilitambuliwa katika jumba la makumbusho la mji huo huo, kikarudishwa shingoni mwaka 1948.