Kufuga ni Jambo Moja, Kuchunga ni Jingine

Mwenyekiti wetu wa mtaa, wazee wangu, mama zangu, na nyie vijana mliosimama pale nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kunialika. Barua ya mwaliko inasema nizungumzie ng'ombe na mbuzi wanaozurura mtaani. Nitawazungumzia, lakini naomba nianze na nyasi. Nimetibu mifugo hapa Dar es Salaam tangu nikiwa kijana, na kila nilipoitwa kwenye ugomvi wa mfugaji na jirani yake, nikifuatilia chanzo nilikuta ni majani yamekwisha bandani.

Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka miaka ya 80. Mshahara ulikuwa haufiki tarehe 15. Mwalimu, nesi, hata mhadhiri wa chuo kikuu, alijenga banda nyuma ya nyumba. Mmoja kuku, mwingine nguruwe, mwenye uwezo kidogo akanunua ng'ombe wa maziwa, chotara wa Friesian. Ukipita Mikocheni au Mbezi alfajiri unasikia ng'ombe wanalia wakisubiri kukamuliwa. Watoto wengi wa mji huu walilipiwa ada kwa maziwa yale, wangu wakiwemo, na siku zote nitayatetea.

Mwaka 1992 zikatoka kanuni za kilimo cha mijini. Zilisema mfugaji wa mjini asizidishe ng'ombe wanne, na awalishe bandani. Angalieni vizuri hapo. Kanuni zile hazikukataza kufuga, zilikataza kuchunga. Lugha yetu imeyatenga maneno haya mawili tangu zamani, na nadhani nusu ya kelele zetu ni kwa sababu tunayachanganya. Anayefuga ana banda, ana hori, ana mahali pa kuweka samadi. Anayechunga anahitaji ardhi ya kutembea, na ardhi hiyo mjini ni kiwanja cha watoto, ni hifadhi ya barabara, ni bustani ya mtu.

Sasa hesabu. Ng'ombe wa maziwa mwenye kilo 400 anakula majani mabichi kama kilo 40 kwa siku. Hapo sijataja pumba wala mashudu. Wanne ni kilo 160, kila siku, Idi na Krismasi. Masika hakuna shida, majani yako hadi kwenye nyufa za ukuta. Njooni Septemba. Kijana aliyekuwa akileta mzigo kwa guta kutoka nje ya mji anapandisha bei, kisha anaacha kuja. Mfugaji anawasikia ng'ombe wanalia njaa usiku kucha. Saa kumi alfajiri anafungua geti, kimyakimya, akijua wataenda jalalani.

Niwaeleze kinachotokea jalalani. Mama mmoja wa Kimara, mjane, aliniita kwa ng'ombe wake pekee. Tumbo limejaa kama ana mimba, lakini mgongo mifupa mitupu. Hacheui. Alikufa kabla sijamaliza kufungua begi. Nilimpasua pale pale uani, kwenye tumbo la kwanza, lile kubwa linalohifadhi chakula cha kucheua. Nikatoa donge la mifuko ya plastiki, limefumana na kamba za nailoni na kipande cha neti ya mbu. Ilibidi nilibebe kwa mikono miwili. Ng'ombe yule alikuwa ameshiba mifuko, na kwa sababu tumbo limejaa hakutamani kula hata alipoletewa majani mazuri. Mama alishika kile kitu akaniuliza, "Daktari, haya yote aliyala lini?" Aliyala kidogo kidogo, miezi mingi, kila alfajiri ile ya geti kufunguliwa.

Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na nilishukuru sana. Lakini vifungashio bado vipo, na waya na misumari havijaenda popote. Ng'ombe hatafuni kwanza, anameza. Msumari unatua kwenye tumbo la pili, lile lenye vyumba kama sega la nyuki, na tumbo hilo limepakana na moyo. Sihitaji kuendelea.

Mtaniuliza, je, Wamasai wanaoingiza ng'ombe Nairobi wakati wa ukame, kama mwaka 2009 na 2017? Pale kisa ni tofauti na wenye kulaumu wajue historia. Jina lenyewe Nairobi limetokana na Enkare Nairobi, maji baridi, na ng'ombe walikuwa wakinywa hapo kabla ya reli kufika mwaka 1899. Mikataba ya 1904 na 1911 ikawahamisha Wamasai kutoka malisho yao bora. Mji ulihamia malishoni. Sisi hapa kwetu tumefanya kinyume, tumeleta ng'ombe mjini, kwa hiyo kazi ya kumtafutia majani ni yetu.

Na majani tunayo. Viwanja vya shule, kingo za barabara kubwa, maeneo ya wazi ambayo bado hayajauziwa mtu: yote yanafyekwa, kisha majani yanachomwa moto. Ninaomba mtaa uingie makubaliano na wafugaji wake. Wakate wao, bure, kwa zamu, na kabla ya kukata waokote taka. Kiwanja kinabaki safi, watoto wanacheza, hakuna mnyama anayekanyaga hapo. Na eneo la wazi likipata watu wanaolihitaji kila wiki, anayetaka kulimega na kulijengea ataonekana mapema.

Kwa wafugaji. Msikate mapema, subirini umande ukauke, kwa sababu mabuu ya minyoo hupanda juu ya jani na umande. Kando ya mitaro na bondeni Msimbazi msikate kabisa. Bonde lile limepokea maji ya vyoo na ya viwandani miaka mingi, na atakayekunywa maziwa ni mtoto. Masika majani yakizidi, yakatekateni, yashindilieni kwenye pipa mpaka hewa itoke, fungeni vizuri. Septemba mtafungua pipa badala ya geti. Samadi isilale uani zaidi ya siku mbili, wakulima wa mchicha wanaitafuta. Jirani anayelalamika nzi ana haki yake, mama zangu, msimnunie.

Jumamosi saa moja na nusu nitakuwa kiwanja cha shule na fyekeo langu. Mwenye guta aje nalo, na mwenye viroba vya kuokotea taka atangulie.