Mbwa wa hekaluni ana mtu wake

Asanteni, kaeni. Walionisikia Dodoma watanivumilia, maana ni lile lile: hakuna mbwa asiye na mtu. Wenzangu wamechoka kulisikia. Mmoja hapo mbele ameshaanza kutikisa kichwa.

Nimetambulishwa kama mtu "aliyesomea Thailand". Jamani, sikusoma. Nilikwenda kozi fupi, na Jumamosi nikawa nabeba ndoo pamoja na watu wa kujitolea waliokuwa wakitibu mbwa katika hekalu moja nje kidogo ya Bangkok. Hekalu huko ni wat. Alfajiri watawa hutoka na mabakuli, watu huwatilia wali na mboga, na ikifika saa sita mchana mtawa hali tena mpaka kesho. Kinachobaki huliwa na wanaoishi pale uani, na mbwa wamo. Sasa wewe una jike amezaa, huwataki watoto wake, na amri ya kwanza katika zile tano za Kibudha inakukataza kuua. Utawapeleka wapi? Unangoja usiku uingie, unaweka boksi getini, unawasha pikipiki. Sheria ya mwaka 2014 inamkataza mwenye mnyama kumtelekeza, lakini boksi halina sahihi.

Basi palikuwa na jike mmoja wa rangi ya majivu, sikio la kushoto limechanika. Watoto wengi wa mbwa pale uani walikuwa wake. Tukasema huyu akitolewa kizazi, nusu ya kazi imekwisha. Tukaleta wavu. Aliujua wavu kabla haujatoka kwenye gari. Tukaweka kizimba cha mtego na maini ya kuku ya kuchemsha, yananukia mpaka mimi mwenyewe nikameza mate. Akapita pembeni. Kwa nini? Kashiba! Mwisho wa juma watu wanakuja na magari mazuri kuchuma thawabu, wanawarushia mbwa mishikaki, tena na vijiti vyake. Nimetoa kijiti kooni mwa mbwa kwa vidole hivi viwili, na aliyekirusha amesimama pembeni anapiga picha.

Mwenzetu mmoja akaleta mrija wa kupulizia sindano ya usingizi. Akavuta pumzi, akapuliza, akalipata pipa la maji. Mbwa akaingia chini ya sakafu ya nyumba ya mtawa, na sisi madaktari wa wanyama tumelala kifudifudi kwenye tope tunambembeleza kwa Kiingereza. Mbwa wa Thailand! Mimba ya mbwa ni siku kama 63. Sisi tulihangaika zaidi ya hizo, akazaa tena, watoto sita.

Sasa, kila Jumamosi tulikuwa tunampita bibi mmoja anafagia majani. Mtawa wa kike, nguo nyeupe, kichwa kimenyolewa. Tunamsalimu kwa kuunganisha viganja, tunapita na wavu wetu. Siku moja akauliza kupitia mkalimani, "Mnamtaka huyu?" Akaegemeza ufagio ukutani, akaketi chini, akapiga ulimi mara mbili. Yule jike akatoka, akamlalia mapajani. Bibi akamwinua, akamtia kizimbani taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Halafu akatueleza: amezaa mara nne, mguu wa nyuma humuuma mvua zikianza, hapendi wanaume wenye kofia. Wanaume wetu wote walikuwa na kofia.

Mkalimani akamuuliza mbona hakusema mapema. Akajibu, "Hamkuuliza."

Ndiyo maana nikifika mahali na chanjo yangu ya kichaa cha mbwa, swali la kwanza si mbwa wangapi. Naulizia anayefagia.

Najua mtaniuliza: mbona mlimrudisha pale pale? Ndiyo, alirudi baada ya siku chache, ncha ya sikio imekatwa iwe alama kwamba hazai tena. Ukimwondoa, nafasi yake inabaki, na chakula kinabaki. Kabla ya mwezi kwisha litakuja boksi lingine lenye watoto ambao hawajachanjwa. Na hapa kwetu, ambako halmashauri ikisikia mbwa wamezidi inatafuta bunduki: mnapiga risasi hata waliochanjwa! Ili kichaa cha mbwa kikatike mahali, mbwa 70 katika kila 100 wawe na kinga. Leo tunachanja, kesho tunaua tuliowachanja, keshokutwa tunaomba chanjo nyingine.

Kuna anayesema watu kwanza, mbwa baadaye. Ndugu yangu, ninaowasemea ni hao hao watu. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 duniani kwa mwaka, kama wanne katika kila kumi ni watoto, na karibu wote wameng'atwa na mbwa. Dalili zikishatokea, hospitali haina la kukufanyia.

Na mwingine ananong'ona kwamba mbwa ni najisi. Mimi ni mtu wa Tanga, nimesoma madrasa, hunifundishi. Mate ya mbwa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Vizuri! Na yule mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu akasamehewa, hadithi yake mnaijua, sina haja ya kuimaliza. Jeraha la mbwa nalo unaliosha kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15, kisha mbio kituo cha afya ukachomwe sindano. Dakika 15 ni nyingi, jaribuni leo na saa mkononi. Wanaojua kuosha mara saba watanielewa haraka kuliko wale wanaosuuza, wakapaka dawa ya meno, wakalala.

Mwenyekiti ananionyesha saa yake. Nilitaka kuzungumzia fedha: kwa kifupi, aliyetoa shilingi huja mara moja, anayepika wali huja kila siku, mpangeni ratiba huyo wa wali. Upele, dawa ipo, si laana. Watawa wanaokataa mbwa kuhasiwa kwa kuogopa dhambi, nilikuwa na ukurasa mzima, basi, tuuache.

Haya, maswali. Tuanze na wewe wa nyuma, umenyoosha mkono tangu niliposema mara saba.