Kipokezi Kimezibwa, Swichi Imebaki Ikiwaka

Mabibi na mabwana, saratani ya kongosho mara nyingi hugunduliwa ikiwa imekwisha kuenea, wakati ambapo upasuaji haufai tena na mgonjwa amebaki kutegemea dawa. Leo nitazungumzia kundi moja tu la dawa hizo, yaani zile zinazozuia amri ya ukuaji.

Seli ya kawaida haijigawi mpaka iamriwe. Kichocheo cha ukuaji kiitwacho EGF hunasa kwenye kipokezi chake, EGFR, kilichochomoza juu ya utando wa seli; vipokezi viwili huungana, mikia yao iliyo ndani ya seli hubandikwa fosfeti, na amri hupokewa na protini ya KRAS, ambayo huipitisha hadi kwenye kiini. Wataalamu waliona kwamba kipokezi kikizibwa, uvimbe utapunguza kasi. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 569: nusu ya waliopewa erlotinibu, dawa inayoziba EGFR, pamoja na jemsitabini, dawa ya kawaida ya kuua seli za saratani, waliishi zaidi ya miezi 6.24, ilhali kwa waliopewa jemsitabini peke yake kiwango hicho kilikuwa miezi 5.91. Tofauti hiyo ni kama siku kumi. Kwa aliye kitandani na jamaa zake siku kumi si kitu kidogo, lakini sisi watafiti hatukuwa na haki ya kuridhika nazo.

Sababu iko chini ya kipokezi. KRAS ni swichi: ikishika GTP, molekuli ndogo iliyomo ndani ya seli, huwaka, na ikiikata GTP hiyo hujizima. Katika zaidi ya asilimia 90 ya saratani hizi jeni ya KRAS imebadilika, mara nyingi katika nafasi ya 12, ambapo glisini, asidi amino (kijenzi cha protini) iliyo ndogo kuliko zote, imeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na nyingine kubwa zaidi, kama vile asidi aspatiki. Umbo hilo jipya hukaa palepale ambapo ukataji ungefanyika, hivyo GTP haikatwi upesi na swichi hubaki ikiwaka, hata pale ambapo kipokezi kilicho juu yake kimezibwa kabisa.

Kwa hiyo mimi naona kwamba kumpa mgonjwa kizuizi cha kipokezi kabla ya kusoma jeni za uvimbe wake ni kumpotezea muda asio nao. Katika utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2023, ambao ulichukua wagonjwa wenye KRAS isiyobadilika peke yao, nusu ya waliopata nimotuzumabu, kizuizi kingine cha EGFR, pamoja na jemsitabini waliishi zaidi ya miezi 10.9, dhidi ya 8.5 kwa wenzao waliopata jemsitabini bila kizuizi hicho. Na kwa wale wachache wenye badiliko la G12C, yaani glisini ya nafasi ya 12 imebadilishwa kuwa sisteini, ambao ni asilimia moja au mbili tu, dawa ya sotorasibu huishika KRAS yenyewe: kati ya wagonjwa 38 waliokwisha kutibiwa kwa dawa nyingine, uvimbe ulisinyaa kwa kiwango kinachohesabika kwa 8.