Ulifanya kazi wapi?

(Mhadhara kwa wastaafu na familia zao, Ngamiani, Tanga)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Wadogo zangu, habari za jioni, na asanteni kwa kuvumilia joto hili.

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31, na zaidi ya nusu yake nilikuwa wodi za kifua. Lakini jioni hii sikuletwa hapa na wodi. Nimeletwa na baba yangu mdogo, fundi boila, aliyenilea tangu nina miaka tisa, akafariki kwa mesotelioma, saratani ya vumbi la asbesto, ugonjwa ambao mimi mwenyewe, na sare yangu mwilini, sikuutambua.

Alikuwa na miaka 68 alipoanza kuhema. Akipanda ngazi tatu za baraza anasimama, anashika nguzo. Tukampeleka hospitali, picha ikaonyesha upande wa kulia umejaa maji. Yakatolewa, lita moja na nusu, akapata nafuu siku ile ile. Makohozi yalikuwa safi, lakini kwetu mtu mwenye maji kifuani wazo la kwanza ni kifua kikuu, na mara nyingi wazo hilo huwa sahihi. Akaanzishwa dawa za TB za miezi sita. Akazimeza zote, hakuruka hata siku moja. Maji yakarudi. Yakatolewa tena. Yakarudi mara ya tatu, safari hii na maumivu ya ubavu yasiyosikia panado, na ovaroli zake za zamani zikawa zinampwaya kama kanzu.

Mwezi wa saba tukamkuta daktari kijana wa zamu. Alivuta kiti, akakaa, akasema: "Shikamoo mzee. Ujanani ulifanya kazi wapi?"

Bamdogo akamweleza. Kuanzia mwaka 1964 hadi 1979 alikuwa akifunika mabomba ya mvuke na matumbo ya boila yasipoteze joto. Unga wa asbesto unakuja kwenye magunia, wanaumwaga kwenye pipa, wanatia maji, wanaukanda kwa mikono kama unga wa chapati, halafu wanapaka. Ukikauka wanausugua uwe laini. Vumbi lake jeupe linakaa kwenye kope. Jioni anarudi nyumbani, mama mdogo anaikung'uta ovaroli uani kabla ya kuiloweka.

Sisi sote nyumbani tulijua habari hizo. Ni hadithi alizotusimulia tukiwa watoto, tukicheka jinsi alivyorudi mweupe kama mwokaji mikate. Katika miezi saba ya hospitali hakuna aliyemwuliza, na sisi hatukusema, kwa sababu hatukujua kwamba hadithi hiyo ni sehemu ya ugonjwa.

Basi niueleze. Mapafu yamefunikwa na utando mwembamba, na upande wa ndani wa mbavu una utando kama huo, ili pafu liteleze unapovuta pumzi. Tumbo nalo lina utando wake, na moyo pia. Saratani inayoanzia kwenye tando hizi ndiyo inaitwa mesotelioma. Kisababishi chake kikubwa ni asbesto, jiwe la nyuzi nyembamba mno zisizoonekana kwa macho. Ukizivuta zinapenya hadi chini kabisa ya pafu, zinafika kwenye utando, na mwili hauna uwezo wa kuziyeyusha. Wageni huambiwa Tanga ni waja leo waondoka leo, nasi tunawajua waliokuja kwa wiki moja wakazikwa hapa hapa. Vumbi hili nalo ndivyo lilivyo. Kutoka siku ya kulivuta hadi siku ya kuugua hupita miaka 20, 30, 40, hata 50. Mgonjwa ameshastaafu, karakana imeshafungwa, na waliofanya naye kazi wametawanyika.

Kwamba asbesto ndiyo chanzo ulimwengu ulijulishwa mwaka 1960, na habari ilitoka Afrika. Daktari Wagner na wenzake wa Afrika Kusini waliandika juu ya wagonjwa 33, karibu wote kutoka eneo la machimbo ya asbesto ya buluu kule kaskazini mwa Cape. Ninachotaka mkishike ni hiki: baadhi yao hawakuwahi kushika sururu ya mgodi. Walikuwa watu walioishi karibu na machimbo tu. Kwa hiyo mama aliyefua ovaroli, na mtoto aliyemrukia baba yake mlangoni, nao wamo. Na msidanganyike na habari ya sigara. Sigara haileti mesotelioma, kwa hiyo "mimi sivuti" si kinga. Lakini aliyevuta vumbi hilo na bado anavuta sigara anajizidishia sana hatari ya saratani ya pafu lenyewe, kwa hiyo aache.

Nani alilivuta hapa kwetu? Waliofanya kazi kwenye boila na injini za mvuke, popote zilipokuwa. Mafundi wa meli. Mafundi gereji waliopuliza vumbi la breki kwa kompresa, maana lainingi za zamani zilikuwa na asbesto. Waliokata gasketi. Waliopaua nyumba kwa vigae vya asbesto na kuvikata kwa msumeno.

Sasa safari ya kumtafuta bingwa. Hapa nitakaa kidogo.

Bingwa wa ugonjwa huu si mtu mmoja. Yuko wa magonjwa ya kifua, yuko wa upasuaji wa kifua, yuko wa saratani, na yuko mmoja ambaye mgonjwa hamwoni kabisa, mpatholojia, anayekaa na darubini. Huyo wa mwisho ndiye kila kitu kinamsubiri. Maji ya kifuani peke yake mara nyingi hayatoboi siri, yanaweza kupimwa mara tatu yakarudi "hakuna saratani" na ugonjwa upo. Kinachotakiwa ni kinyama kinachokatwa kwenye utando wenyewe. Hata kinyama hicho kwa rangi za kawaida kinaweza kufanana na saratani ya pafu, kwa hiyo huhitaji vipimo vya rangi maalumu, ambavyo si kila maabara inavyo. Ndiyo maana nasema: maji yakirudi mara ya pili bila sababu kujulikana, usikubali kurudi nyumbani na tarehe ya kuyatoa mara ya tatu. Uliza kwa adabu: "Daktari, tutapimwa kinyama wapi?"

Kwetu njia inaanzia Bombo, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, kisha barua ya rufaa. Kutoka stendi ya Kange kuna safari mbili. Moja inakwenda Dar es Salaam, Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road. Nyingine inapita Korogwe na Same hadi Moshi, hospitali ya KCMC. Watu hubishana ipi ni bora. Mimi nauliza kwanza: una ndugu wapi? Matibabu ya saratani si safari moja, ni kwenda na kurudi kila baada ya wiki tatu, na mgonjwa anahitaji mahali pa kulala, mtu wa kumpikia uji, na mtu wa kukaa naye kwenye foleni. Chagua panapotoa huduma na penye shangazi.

Beba barua ya rufaa, kadi ya bima, picha zote za kifua hata za zamani, na majibu ya maabara. Ikiwa kinyama kilishakatwa, omba vipande vyake. Hospitali huvihifadhi kwenye nta na kwenye vioo, na mpatholojia mwingine anaweza kuvisoma upya bila mgonjwa kukatwa tena. Sisi hatukulijua hilo, bamdogo akakatwa mara mbili. Kama fedha hakuna, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, kabla bili haijapanda. Kuomba msamaha wa gharama si aibu.

Sasa tiba, na nitasema kweli, maana mgonjwa akidanganywa anapoteza muda alio nao. Ugonjwa huu kwa kawaida hauponi. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba dawa mbili za dripu zikichanganywa, pemetreksedi na sisiplatini, muda wa kati wa kuishi unafika miezi 12.1, badala ya 9.3 kwa sisiplatini peke yake. Baadaye zikaja dawa za kuamsha kinga ya mwili, nivolumabu na ipilimumabu. Marekani iliziidhinisha kwa ugonjwa huu mwaka 2020, baada ya utafiti kuonyesha miezi 18.1 dhidi ya 14.1 ya tibakemia, yaani zile dawa za dripu. Bei yake ni kubwa mno kwa familia ya kawaida, na inaniuma kulisema hilo mbele yenu.

"Muda wa kati" maana yake nusu ya wagonjwa waliishi chini ya hapo na nusu waliishi zaidi. Stephen Jay Gould, mwanasayansi wa Marekani, aligundulika na mesotelioma ya tumbo mwaka 1982, akasoma kwamba muda wa kati ni miezi minane. Aliishi miaka 20. Simpi mtu ahadi kwa mfano huo. Ninakataza tu kumhukumu mgonjwa siku ya kwanza.

Upasuaji: kila mwezi nasikia familia inauza kiwanja ili kumpeleka mtu India akapasuliwe. Subirini kwanza. Utafiti wa Uingereza uitwao MARS 2 uliwalinganisha waliopata upasuaji mkubwa wa utando wa pafu pamoja na tibakemia, na waliopata tibakemia peke yake. Waliopasuliwa hawakuishi zaidi, na walipata madhara mengi zaidi. Ugonjwa wa tumboni una habari yake, wapo wanaonufaika na upasuaji unaoambatana na dawa ya saratani iliyopashwa moto na kumiminwa tumboni, kwenye vituo vichache vyenye uzoefu. Lakini kiwanja kisiuzwe kabla bingwa wa saratani hapa nchini hajayaona makaratasi. Na kikombe kisinywewe badala ya dozi. Mwaka 2011, watu walipofurika Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya Babu, nilikuwa wodini, na niliwapokea walioacha dawa zao.

Kuna tiba nyingine isiyongoja Dar wala Moshi, tiba shufaa, ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. Hospitali Teule ya Muheza imekuwa na huduma hiyo kwa miaka mingi, na Muheza ni karibu. Maji yanayojirudia yanaweza kuzuiwa: tando mbili hugandanishwa kwa unga wa talki ili maji yakose pa kukaa, au mgonjwa huwekewa mpira mwembamba na nyumbani mnayatoa wenyewe. Maumivu yana mofini ya maji, inayonywewa kila baada ya saa nne. Familia nyingi huikataa, zinadhani ni dawa ya kumwahisha mtu kaburini au ya kumfanya teja. Nami niliikataa kwa wiki mbili, nikamwacha bamdogo akilala ameketi, ameegemea ukuta, akiuma shuka ili watoto wasisikie. Siku alipoanza kuinywa alilala saa sita mfululizo, akaamka akaomba samaki wa kuchoma. Inafunga choo, kwa hiyo iende pamoja na dawa ya kulegeza. Hilo ndilo la kuangalia, si kaburi. Aliishi miezi minane baada ya majibu, na mingi kati ya hiyo alikaa barazani akiongea.

Fidia nitaigusa tu: upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Magonjwa ya kazini yamo. Mwombeni daktari aandike waziwazi kazi mliyofanya na miaka yake, kisha ulizeni ofisini kwao.

(Mzee mmoja akauliza: nyumba yangu imeezekwa asbesto, nifanye nini?)

Ahsante mzee wangu. Kigae kizima kilichotulia usikiguse. Usikitoboe, usikisugue kwa brashi kavu, usikivunje kujazia shimo la barabarani, wajukuu wasipande juu. Siku ya kukiondoa, mwone kwanza afisa mazingira wa halmashauri. Kinaloweshwa maji, kinashushwa kizima bila kuvunjwa, na nguo za kazi hazirudi nyumbani kwa mama.

Pale mezani nimeweka madaftari 40 na kalamu. Kila mzee achukue moja, na kijana aliyekuja naye amwandikie: mwaka, mahali, kazi yenyewe, vumbi lilikuwa la rangi gani, nani alifua nguo. Mama aliyefua achukue la kwake. Mnaweza kuanza sasa hivi, mimi nipo hapa mpaka ukumbi ufungwe.