Redio ya Dharura: Ijaribu Kwanza Ndani ya Nyumba

Hamjambo waungwana. Niko kibarazani kwangu Langoni, hapa Lamu, na mbele yangu nimepanga redio tatu. Hii nyekundu ina tochi, king'ora, sola mgongoni na mkono wa kuzungusha. Hii nyeusi ni ile ndogo ya kuchomeka kadi ya nyimbo. Na hii ya tatu ni kuukuu, ya mawe matatu madogo, yaani betri kavu za dukani, antena yake nimeikaza kwa waya. Ukiniuliza siku ya dhiki nitaikimbilia ipi, ni hii kuukuu. Nifuate nikuonyeshe sababu, kisha utachagua yako.

Kuna atakayesema simu yatosha. Haya, tukumbuke Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima. Mnara wa simu nao hula umeme. Betri zake zikiisha na jenereta ikikosa mafuta, simu yako imebaki tochi. Tena watu wote wakipiga kwa pamoja mtandao husongamana. Redio haisongamani: wakisikiliza kumi au elfu kumi, mawimbi ni yaleyale. Na onyo mara nyingi huja na nafasi. Jumapili ya 26 Desemba 2004 bahari ya Sumatra, kule Indonesia, ilitikisika kwetu huku alfajiri bado, na mawimbi ya tsunami yakatufikia mchana. Saa zote hizo zilikuwa za kumtoa mtu ufukweni, mradi habari imfikie.

Hatua ya kwanza, masafa. Soma uso wa redio. Unataka FM, kuanzia 87.5 hadi 108, na unataka AM, ambayo nyingine huandika MW. FM ina sauti safi lakini haiendi mbali. AM hukwaruza kidogo, ila usiku husafiri masafa ambayo FM haiyaoti. SW, yaani masafa mafupi, ikiwemo si vibaya. Isipokuwemo, usikose usingizi.

Sasa sogea karibu uone kitufe hiki: WB. Hapa nililizwa. Niliiagiza redio hii nyekundu mtandaoni, na muuzaji aliniandikia kwamba kimbunga kikija itapiga kelele yenyewe. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kikielekea Mafia, nikakaa nayo usiku nabonyeza WB, nasikia shhhh. Kumbe WB ni masafa ya hali ya hewa ya Marekani, kati ya 162.400 na 162.550 MHz. Kule kuna vituo maalumu vinavyotangaza hali ya hewa mchana na usiku, na vikituma ishara ya hatari redio hujiwasha. Huku kwetu onyo la Idara ya Hali ya Hewa unalisikia kwenye stesheni zilezile za kawaida, pamoja na taarifa ya habari. Basi ukiona bei imepandishwa kwa sababu ya WB, hiyo pesa nunulia mawe.

Nahodha mmoja aliniuliza kama redio hii itashika chaneli 16 ya baharini, ile ya kuitia msaada. Haishiki. Hiyo iko 156.8 MHz na yataka redio ya VHF ya chombo, yenye kibali chake. Msivichanganye.

Hatua ya pili, chakula cha redio. Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mkono wa kuzungusha: naam, hufanya kazi. Ngoja nizungushe dakika moja mbele yenu... mmeona jasho? Kazi yote hiyo ni ya kusikiliza dakika chache, kwa sauti ya chini. Ni akiba ya mwisho. Na ukizungusha kwa fujo, meno ya plastiki mle ndani huliwa. Nimefungua nyingi nikayakuta yamekuwa unga.

Sola: usiangalie ukubwa wa picha kwenye boksi, piga hesabu. Boksi likisema betri ni 2000 mAh (ndio ujazo wake) na sola inatoa mA 60 (ndio kasi ya kuijaza), gawanya: ni zaidi ya saa 33 za jua kali. Siku nne, tano za kuianika kama papa. Na tufani ikija jua liko wapi? Wakikwambia pia itachaji simu, kumbuka simu nyingi za sasa zina betri ya 5000. Hata ukiimimina redio yote, hufiki nusu.

Betri ya ndani ya kuchaji nayo huzeeka hata ukiwa huigusi, na ile iliyofungiwa isitoke ikifa inakufa na redio. Ndiyo maana mimi napenda mawe. Mawe hupatikana duka lolote, Kizingitini utayapata, Mokowe utayapata. Redio ndogo haina ulafi. Seti moja ukiisikiliza kwa taarifa ya habari tu hukaa majuma. Kwa hiyo sharti langu: iwe na sola, iwe na mkono, lakini mlango wa mawe uwepo. Kama haupo, rudisha kwenye rafu.

Hatua ya tatu, kuijaribu, na si pale dukani. Mpatane na mwenye duka uipeleke nyumbani kabla ya kumaliza malipo. Sisi tunaokaa nyumba za mawe tunajua kuta zetu zilivyo nene. Anza darini: antena ivute yote, karibu sentimita 75, tafuta stesheni mbili zinazosomwa kwa Kiswahili. Shuka nayo hadi msana, ule ukumbi ulio mbele ya vyumba. Kisha ingia ndani kabisa, pale ambapo familia itajibana upepo ukichafuka. Bado unaelewa maneno? Maneno, si muziki, muziki hudanganya. Ukihamia AM, antena hiyo iache, maana ya AM imelala tumboni mwa redio. Geuza redio yenyewe polepole hadi sauti ijae. Hii nyeusi ya kadi ilinyamaza nilipovuka daka tu, yaani kibaraza cha mlangoni.

Ya nne ni fupi. Chumvi yetu hula springi. Toa mawe, yaweke pembeni ya redio, vyote kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko. Mawe yakiachwa ndani huvuja, na ule uchachu wake hukata njia za umeme. Mgongoni bandika plasta, uandike namba za zile stesheni mbili kwa herufi ambazo bibi atazisoma bila miwani.

Baada ya hapo, usiku mmoja zima meni swichi bila kumwambia mtu, umwite mtoto umwambie atafute habari. Wangu alichukua dakika tisa, na nne kati ya hizo alikuwa akitafuta simu yake ili amulike redio.